Daftari la Kutoa

Sikusomea hesabu za nchi.
Nimekaa tu dirishani hapa Gongoni,
bati limeshika moto, feni imekufa tangu Aprili,
na mshahara wa kila mtu hupita mkononi mwangu.

Jumamosi saa kumi, lori la kampuni likishawamwaga,
foleni hufika hadi kwa fundi cherehani.
Thoya hutoa elfu mbili na mia nne. Siku sita.
Siku ya mvua haihesabiwi,
na siku ya jua la kuchubua mgongo
huhesabiwa moja, kama nyingine.
Bonyeza hapa, namwambia.
Anabonyeza. Linatoka doa,
duara jeusi lisilo na mstari hata mmoja:
miaka kumi na mmoja chumvi imekisugua kidole
mpaka kimesahau kwamba ni cha Thoya.

Mwalimu Jefwa huja tarehe ishirini na tisa.
Saini yake ina mikia mitatu.
Mshahara wake huingia kwa mguu wa kulia
na mkopo wa pikipiki huutoa kwa wa kushoto;
hutia mfukoni kilichobaki bila kukihesabu,
kwa sababu foleni inamtazama,
na foleni inaamini mwalimu ni tajiri.

Mapenzi yuko hotelini, Malindi mjini.
Desemba hutuma nyumbani hadi namwonea gere.
Mei hatumi kitu.
Mama yake huja vilevile, huketi kwenye ndoo,
huniuliza kama mtandao uko chini.
Namwambia uko chini.

Za Riyadh huingia usiku, zikalala, nikazikuta asubuhi.
Ni za binti wa Mwaringa, elfu kumi na tano kila mwezi.
Mwaringa mwenyewe ni bawabu: hulinda usiku kucha
mlima mweupe ambao hakuna mwizi angeweza kuubeba,
kwa elfu tisa na buti jozi moja.
Tisa hizo huzila zote.
Za binti hazigusi.
Hizi si pesa, husema, hizi ni nauli yake ya kurudi.

Wiki jana akaja kijana wa kaunti, shati limenyooka,
na kibao cha kioo kifuani kama mtoto mchanga.
Ni sekta gani inayolipa vizuri eneo hili?
Siri za wateja sitoi, nikamwambia,
lakini kaa hapo kwenye ndoo uone viatu vyao.
Alikuwa na visanduku vinne:
kilimo, viwanda, utalii, nyinginezo.
Akafika kwa watu wa chumvi, kidole kikaganda.
Chumvi inavunwa au inatengenezwa?
Kima cha shamba si kima cha kiwanda, akaeleza,
na huko ofisini wamelibishania jambo hili.
Wanavuna, nikasema, kwa koleo.
Ila ni shamba la ajabu hilo, mwanangu:
mvua ndiyo ukame wake.
Akacheka. Hakuandika.

Na wewe, mama?
Nyinginezo.
Katika siku sita za Thoya napata shilingi ishirini na moja,
nami nimekaa kivulini; siwezi kulalamika kwa sauti.
Nauza na chumvi pia, ya pakiti.
Hutoka hapa kwa lori, huenda Mombasa kuvalishwa picha ya kuku wa kuchoma,
hurudi kwangu na bei ya mgeni.

Jua lilikuwa limeshaelekea Marereni kwa mguu
alipomwita Thoya, wa kwanza kwenye foleni,
ajibu maswali kumi na manne.
Thoya akajibu yote, hata lile la likizo,
akalijibu kwa adabu, kama mtu anayeulizwa habari za theluji.
Mwisho kijana akamwelekezea kona ya kioo:
weka kidole, tuthibitishe ni wewe.

Kibao kikatetemeka. Kikaandika: jaribu tena.
Thoya akafuta kidole kwenye suruali,
akajaribu tena.